Kabla Hujakata Picha Kwenye Kitabu cha Zamani

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nimekaa na kahawa yangu ya alasiri, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ni binti wa ndugu yangu, yuko Maskati, ananiletea picha tatu. Nyumba ya marehemu shangazi yetu, Mungu amrehemu, inahamwa. Katika sanduku lake la mti, chini ya mashuka na doti za kanga ambazo hazikuwahi kuvaliwa, wamekuta vitabu vitatu vikubwa vya Kiingereza vyenye picha tele. Akamwita mfanyabiashara wa vitu vya kale aje avitazame. Yule bwana akasema vitabu vizima hana haja navyo, lakini picha atazinunua moja moja. Atazikata mwenyewe na kuzitia fremu.

"Ami," ameniandikia, "wewe ndiye uliyesoma kwa mapadri na mambo ya vitabu unayajua. Hizi ni picha za kuchorwa kwa mkono au ni chapa? Tena yule bwana anasema juzuu ya kwanza imeshakatwa na mtu tangu zamani, kwa hivyo hakuna hasara kuzikata mbili zilobaki. Nimjibu nini?"

Nikamwambia asubiri. Jawabu yake haienei katika simu. Nikaonelea niiandike hapa, kwa sababu nyumba nyingi za watu wetu huku Ghuba zina sanduku kama lile, na mtu kama yule hakosi kubisha hodi.

Vitabu vyenyewe ni Alfu Lela Ulela katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward William Lane. Vilianza kutoka London kwa sehemu mwaka 1838, na juzuu zake tatu zina tarehe za 1839 hadi 1841. Mchapishaji alikuwa Charles Knight, na picha zake, ambazo ni mamia, zilibuniwa na William Harvey. Mume wa shangazi alivinunua Unguja, kabla ya 1964, katika mnada wa vitu vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini tu, lakini picha alizipenda. Vitabu vikavuka bahari pamoja na familia, na vikakaa katika sanduku lile miaka yote hii.

Sasa nijibu swali la kwanza. Ni chapa. Walakini mtu asiseme "ni chapa tu", kwa maana kila mstari ulio katika picha zile umepita katika mkono wa mtu, tena mikono ya watu wawili: mmoja alichora, mwengine akachonga.

Haya niliyafahamu nikiwa mvulana. Skuli niliyosoma ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa wa kuendeshwa kwa mkono, wa kuchapia karatasi za mitihani na programu za sherehe. Padri aliyeusimamia alituchagua wavulana wanne wa kurejesha herufi katika sanduku lake baada ya kazi. Zilikuwa herufi za risasi, kila moja kichwani ina umbo lililogeuzwa, kama mtu anavyojiona katika kioo. Siku moja akatuonesha kibao cha mti, kikubwa kama kiberiti, kilichochongwa picha ya jogoo. Akakiweka katikati ya herufi, akavikaza vyote pamoja katika fremu ya chuma kwa kabari, akapitisha rola ya wino, akabonyeza. Karatasi ikatoka ina maneno na ina jogoo. Sisi tukashangilia jogoo. Yeye akatuambia tukitoe kibao, tukisimamishe kando ya herufi, na tutazame. Vilikuwa na kimo kimoja sawasawa, karibu milimita 23.

Kimo hicho ndicho kilichobadilisha vitabu vya karne ya kumi na tisa.

Nilikuja kuwa karani, na kila nilipogonga muhuri ofisini nilimkumbuka jogoo yule. Muhuri hufanya kazi kwa sehemu zilizoinuka. Zilizoinuka hushika wino, zilizochimbwa hubaki nyeupe. Herufi za risasi ni vivyo hivyo, na kibao cha mti ni vivyo hivyo, basi vyote vitatu ni ndugu. Bamba la shaba si ndugu yao. Katika shaba fundi huchimba mifereji membamba, wino hujazwa ndani ya mifereji, juu hupanguswa pakawa safi, kisha karatasi iliyotiwa maji hubanwa kwa nguvu kati ya magogo mawili mpaka iufyonze wino kutoka chini. Picha hutoka nzuri sana, laini kama hariri, lakini haiwezi kuchapwa kwa pigo moja na maneno. Lazima iende mtambo wake, kwenye karatasi yake, kisha mjalidi aje aiingize katika kitabu. Ndiyo maana katika vitabu vya karne ya kumi na nane picha nyingi nzuri zimekaa peke yake kwenye ukurasa, na nyuma yake ni patupu.

Utauliza, mbona watu hawakutumia kibao cha mti tangu mwanzo? Walitumia, karne nyingi. Tatizo lilikuwa namna ya kuukata mti. Mafundi wetu wa milango ya Unguja wanalijua jambo hili kuliko mimi. Ubao uliopasuliwa kwa urefu una nyuzi zinazokwenda upande mmoja. Ukifuata nyuzi patasi inateleza, ukizikatisha ubao unachanika. Juu ya mlango hilo halina neno, kwa sababu ua, samaki na mnyororo ni vitu vikubwa. Lakini katika picha ya kuenea kiganjani, yenye manyoya ya ndege na mawimbi ya bahari, mstari mwembamba kama unywele hausimami katika ubao wa namna hiyo.

Aliyeonesha njia nyengine kwa ufasaha mkubwa alikuwa Thomas Bewick wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1753 na kufa mwaka 1828. Hakuwa seremala. Alifunzwa katika karakana iliyochonga madini: majina kwenye vyombo vya fedha, mihuri, na mfano wa hayo. Kwa hivyo mkono wake ulizoea kalamu ya chuma yenye ncha, kama ile anayotumia sonara kutia nakshi kwenye bangili. Akaichukua kalamu ile akaipeleka kwenye mti. Na mti wenyewe haukukatwa kwa urefu, ulikatwa kwa kukingama, kama unavyokata muhogo vipande vya duara. Ukiukata hivyo nyuzi zote husimama wima, na juu huwa kama jiwe lililosuguliwa, kalamu inakwenda upande wowote unaotaka. Mti uliofaa ni ule ambao Waarabu huuita baqs: mti mdogo, mzito, wa rangi ya manjano, unaokua polepole mno. Bewick hakuwa wa kwanza duniani kujaribu jambo hili, lakini vitabu vyake vya wanyama wa miguu minne, mwaka 1790, na vya ndege, mwaka 1797 na 1804, ndivyo vilivyowafanya wachapaji wote wafungue macho.

Tena tazama namna anavyofikiri fundi wa kibao. Sisi tukiandika kwa kalamu, tunaweka weusi juu ya weupe. Yeye kibao chake kizima ni cheusi kabla hajakigusa, kwa maana kingepakwa wino vile kilivyo kingetoa kipande cheusi kitupu. Kila anapopitisha kalamu anaingiza mwanga. Manyoya ya bundi katika kitabu cha Bewick ni maelfu ya mikwaruzo ya mwanga. Kisha mti ule ni mgumu kiasi kwamba kibao kikitunzwa hutoa nakala nyingi mno, pale ambapo bamba la shaba huanza kuchoka mapema. Picha nzuri ikawa rahisi kwa bei. Charles Knight, huyu huyu mchapishaji wa Alfu Lela ya shangazi, alitangulia kutoa gazeti la senti moja ya Kiingereza lililojaa picha za vibao, mwaka 1832, likasomwa na watu wa kawaida ambao babu zao hawakuwahi kumiliki picha yoyote.

William Harvey alikuwa mwanafunzi wa Bewick. Alizaliwa mwaka 1796, akaingia karakana ya Newcastle akiwa kijana, akahamia London mwaka 1817. Baada ya muda aliacha kuchonga, akawa mchoraji wa kuwachorea wachongaji. Kwa hiyo alipochora alijua kalamu ya chuma itaweza nini na itashindwa nini. Lane naye, kabla hajawa mwanachuoni wa Kiarabu, alianza kwa kujifunza kuchonga mabamba London, na ndipo mwaka 1825 akasafiri kwenda Misri. Alikaa Cairo akivaa nguo za kienyeji, akaandika kitabu mashuhuri kuhusu desturi za Wamisri, kilichotoka mwaka 1836 na michoro yake mwenyewe. Ilipokuja zamu ya Alfu Lela, Lane alimpa Harvey mifano ya mavazi, majengo na vyombo, na akazisimamia picha zake.

Ndiyo sababu, ukizitazama picha zile, Baghdad ya Harun Rashid imevaa nguo za Cairo ya miaka ya 1830. Roshani ni za mashrabiya ya Misri, kilemba ni cha Misri, hata namna ya kukaa juu ya diwani ni ya Misri. Ukitafuta Baghdad ya karne ya nane utakuwa umedanganyika. Lakini mimi siwafuati wale wanaosema picha zote za Wazungu kuhusu Waarabu ni uzushi mtupu. Hapa kulikuwa na mtu aliyeishi katika mitaa ile, akapima milango, akahesabu vifungo vya joho. Shangazi, ambaye hakuwahi kufika Misri, alikuwa akiitazama roshani katika ukurasa na kusema, "Hii si roshani ya kwetu, lakini fundi wake na wetu walikuwa majirani."

Na sasa njooni kwenye nakshi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Kwa kuwa kibao na herufi vina kimo kimoja, Harvey hakulazimika kukaa na picha zake kwenye kurasa za peke yake. Picha iliingia popote. Hikaya inafunguliwa kwa nakshi ya kichwa, majani na matawi yaliyosukwa kama juu ya mlango wa nyumba ya tajiri. Katikati ya ukurasa maneno yanakatika, linatokea soko, au jahazi, au mzee aliyekaa chini ya mti, kisha maneno yanaendelea chini yake. Mara nyengine picha haina fremu hata kidogo, kingo zake zinafifia ndani ya karatasi nyeupe, hata hujui picha imekwisha wapi na hikaya imeanzia wapi. Na mwisho, pale ukurasa unapobaki na nafasi, huwekwa kipicha cha kufungia. Bewick alikuwa bingwa wa vipicha vya kufungia. Watu wengine walinunua vitabu vyake vya ndege kwa ajili ya vipicha hivyo kuliko ndege wenyewe.

Kibao kilipakwa kwanza ungaunga mweupe mwembamba, mchoraji akachora juu yake kwa penseli na brashi, kinyumenyume, ili chapa itoke sawa. Kisha kibao kikapelekwa kwa mchongaji. Huyu alikiweka juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, ili akizungushe kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisukuma kalamu. Usiku taa ilipitishwa katika tufe la kioo lililojaa maji, mwanga ukakusanyika mahali padogo kama sarafu. Na kila alipochonga, mchoro aliouchora mwenzake ulikuwa ukipotea chini ya kalamu. Mpaka picha kupigwa juu ya kibao kwa njia ya kamera kulipoenea, kuanzia miaka ya 1860, mchoro wa asili haukusalimika. Kilichobaki ni kile tu alichokifahamu mchongaji. Akiwa fundi dhaifu, uso wa mwanamke mzuri ulitoka kama wa mgonjwa, na lawama akapata mchoraji.

Majina ya wachongaji aghlabu hayako juu ya jalada. Watafute ndani ya picha, chini kabisa, kwa kioo cha kukuzia. Ukiona jina limefuatiwa na herufi "sc", ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "amechonga". Ukiona "del", ni "amechora". Kilatini ndicho kitu kimoja nilichofunzwa kwa fimbo ambacho kimenifaa uzeeni. Wengine hawakutia hata jina. Mmoja ninayependa kumtaja ni Mary Byfield, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufa mwaka 1871, ambaye kwa miaka mingi alichonga herufi za kwanza zenye maua, na nakshi za vichwa na miguu ya kurasa, kwa matbaa ya Chiswick Press. Nyingi ya nakshi hizo zilibuniwa na Charlotte na Elizabeth Whittingham, mabinti wa mwenye matbaa. Basi ukiona herufi iliyozungukwa na majani katika kitabu cha Kiingereza cha miaka ya 1840 au 1850, yawezekana kabisa ni kazi ya wanawake, tangu wazo mpaka kibao.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikizungukazunguka.

Mtu aliyeikata juzuu ya kwanza ya shangazi ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1985. Nilikuwa nimepata nyumba mpya, kuta ni nyeupe tupu, na mshahara wa karani haununui picha. Shangazi alikuwa ameniazima juzuu ile kwa sababu nilikuwa nikimsomea, nikimfasiria kwa Kiswahili kila nilipomtembelea Ijumaa. Mgongo wa kitabu ulikuwa umelegea, baadhi ya kurasa zinachomoka. Nikajiambia, kitabu hiki kimeshakufa, angalau picha ziishi. Nikachukua wembe nikakata kumi na moja. Fundi wa fremu akazikatia karatasi ya kijani kibichi kuzunguka, zikapendeza, wageni wakazisifu. Nyengine nilizitoa zawadi za harusi.

Baada ya miezi miwili nikawa namsomea shangazi hikaya ya mvuvi na jini. Mvuvi ametupa wavu, ameitoa chupa ya shaba yenye muhuri wa Nabii Suleiman, ameufungua, moshi umetoka mpaka mawinguni, jini amesimama, amemwambia mvuvi achague namna ya kufa. Nikageuza ukurasa. Pakawa na dirisha. Pale palipokuwa na picha palikuwa na shimo la pembe nne, na kwa upande wa pili shimo lile lilikuwa limekula maneno ya ukurasa uliofuata, mistari kumi na kitu.

Nikanyamaza. Shangazi akasema, "Eh, kisha?" Hikaya naijua, na ninyi mnaijua, mvuvi alimhadaa jini akarejea chupani. Nikaimalizia kwa kichwa. Yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu, "Mbona leo umesoma bila ya kutazama kitabu?" Nikamwambia macho yamechoka. Sikumwambia kweli, wala hakuuliza tena, lakini kitabu alikitaka nikirejeshe, na hakuniazima nyengine.

Hapo ndipo nilipoelewa kile kimo cha milimita 23. Nilidhani nimekata picha, kumbe hakuna picha ya kukatwa. Picha na maneno vilikazwa katika fremu moja ya chuma, vikapakwa wino kwa rola moja, vikabonyezwa pigo moja, na kwa upande wa pili wa karatasi pakachapwa maneno mengine. Wembe haujui kutenganisha hayo.

Kwa hivyo mwanangu, na nyote mlio na masanduku, jifunzeni kutambua mlicho nacho kabla hamjamfungulia mtu mlango. Tafuta kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni. Kama nyuma ya picha kuna maneno ya kitabu, aghlabu ni kibao cha mti. Pitisha kidole nyuma ya karatasi kwa upole, mara nyengine utahisi vinundu pale mtambo ulipobonyeza. Kama picha imezungukwa na alama ya kudidimia ya pembe nne, na wino wake umeinuka kidogo juu ya karatasi, hiyo ni shaba au chuma. Na ukiona picha yote ni vitone vilivyopangwa safu safu kama askari, basi ni picha ya kamera iliyochapwa kwa njia iliyoanza kushika soko miaka ya 1880 na 1890. Njia hiyo ndiyo iliyowamaliza wachongaji wa vibao. William Morris alijaribu kuirejesha kazi ya mkono alipofungua Kelmscott Press mwaka 1891, na kitabu chake kikubwa cha Chaucer, cha mwaka 1896, kina picha 87 za Edward Burne-Jones na mipaka ya majani ya Morris mwenyewe. Ni kizuri mno, lakini nakala zake za karatasi zilikuwa 425 tu, vikawa vitabu vya matajiri. Soko la watu wa kawaida lilikuwa limeshaondoka.

Kuhusu rangi: picha za magazeti kama Illustrated London News, lililoanza mwaka 1842, ambazo mnaziona katika maduka zimetiwa fremu, za Unguja, za Maskati, za masultani, kwa kawaida zilichapwa kwa wino mweusi peke yake. Bahari ya buluu na bendera nyekundu mara nyingi zimetiwa na muuzaji, miaka mingi baadaye, ili zipate bei. Zitazameni pia kama zina mistari myembamba myeupe iliyonyooka, inayokatisha picha. Mti wa baqs ni mwembamba, hautoi kibao kikubwa. Picha kubwa ilifanywa kwa vibao vingi vilivyokazwa pamoja kwa skrubu, kila fundi akapewa kipande chake ili kazi iwahi gazeti. Mmoja amechonga mnara, mwengine mawimbi, na huenda hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuuona mnazi. Ndiyo maana minazi mingine ya Unguja katika picha zile inafanana na mifagio.

Kuna aina nyengine ambayo yumkini mnayo zaidi kuliko vibao vya London, nayo ni chapa ya mawe. Aliyeibuni ni Alois Senefelder wa Bavaria, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na nane. Siri yake ni kuwa mafuta na maji havipatani. Ukichora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa, kisha ukalilowesha maji, wino wa chapa utashika pale penye mafuta na kukataa pale penye maji. Hapachongwi kitu. Huko London Owen Jones aliitumia kwa rangi, jiwe lake kwa kila rangi, katika kitabu chake cha nakshi za mataifa cha mwaka 1856, ambacho ndani yake zimo nakshi za Kiarabu na za Andalusia. Lakini nyumba yake hasa ilikuwa Bombay.

Herufi za risasi hazikuwahi kuistarehesha khatti ya Kiarabu, kwa vile herufi zetu zinashikana na kupandana. Jiwe halikuwa na tabu hiyo. Katibu aliandika ukurasa mzima kwa mkono wake, kwa wino wa mafuta, juu ya karatasi iliyotayarishwa, ukahamishiwa kwenye jiwe. Maneno, fremu ya mistari miwili, maua ya pembeni, kuba la nakshi juu ya ukurasa wa kwanza, vyote vikatoka katika kalamu moja. Vitabu vya Bombay vilipanda majahazi vikashuka Maskati, vikashuka Unguja na Lamu, vikaingia katika nyumba za babu zetu. Karatasi yake leo ni ya kahawia na inavunjika kama mkate mkavu, kwa hivyo watu huvitupa, au huukata ule ukurasa wa kwanza wenye kuba na kuutia fremu sebuleni. Ninaowajua waliofanya hivyo ni watu wema wote, kama nilivyokuwa mimi na wembe wangu.

Vitunzeni namna hii, inatosha: lazeni kitabu kikubwa ubavu, msikisimamishe; kikae mbali na jua na mbali na pumzi ya kiyoyozi; ukurasa uliochanika msiutie selotepu, maana gundi yake hugeuka manjano na kula karatasi; kurasa zilizochomoka ziwekeni mahali pake ndani ya kitabu, hata kama hazikushikana.

Binti wa ndugu yangu nilimpigia usiku ule ule, nikamweleza yote, pamoja na habari ya wembe. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema, "Ami, bibi alijua. Alikuwa akitwambia juzuu ya kwanza imeingiliwa na panya mwenye elimu." Juzuu ya pili na ya tatu hazikuuzwa. Juzuu ya kwanza ameniletea kwa mkono wa mtu aliyekuwa akija huku.

Nimezishusha fremu sita zilizokuwa ukutani kwangu na kuzifungua moja moja. Karatasi ya kijani imewaacha na alama, lakini maneno ya nyuma yanasomeka. Tatu nyengine nimezipata kwa jamaa. Zimebaki mbili nilizozitoa zawadi. Moja ilikwenda katika harusi Dubai mwaka 1986, nayo ni ya soko lenye wauza vitambaa. Ya pili niliitoa mwaka ule ule kwa bwana harusi aliyehamia Uingereza, na hiyo ndiyo ya jini aliyetoka katika chupa. Kama ukutani kwenu, au kwa wazee wenu, kuna fremu yenye karatasi ya kijani kibichi, na ndani yake mvuvi amesimama ufukweni, naomba mnifungulie nyuma yake mtazame kama pana mistari ya Kiingereza. Fremu bakini nayo. Mimi nahitaji ile karatasi, au hata nakala ya upande wa nyuma, nijue lile shimo liliondoka na maneno gani.